Baada ya Sikukuu Tusitafute Mchawi

Sikukuu ni siku ya furaha. Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na Idi, kila moja ina watu wake na mapishi yake. Mwezi wa Desemba ndugu zetu walioko mijini hurudi nyumbani. Mabasi ya kwenda Moshi, Bukoba, Mbeya na Songea hujaa. Mbuzi huchinjwa. Mchele hununuliwa. Watoto huvaa nguo mpya. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mara nyingine mgeni huja, na mwenyeji haponi. Mgeni mwenyewe haponi pia. Siku ya pili baada ya karamu, mmoja anatapika. Wawili wanaharisha. Mtoto analegea. Hapo ndipo maneno huanza chini chini. Eti tumelishwa kitu. Eti yule bibi jirani aliichungulia sufuria. Eti mke mwenzake ndiye aliyeleta chumvi.

Maneno haya ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Kuharisha huweza kutibiwa. Lakini jina la uchawi likimshika mtu, haliondoki. Sote tunajua yaliyotokea miaka iliyopita katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Bibi wazee waliuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Kumbe macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni.

Basi ndugu wasomaji, hebu tuulize swali moja kabla sikukuu haijafika. Ni kitu gani hasa kinachowaugua watu baada ya karamu? Tukikijua, tutakizuia. Na tukikizuia, hatutakuwa na haja ya kumtafuta mchawi.

VIJIDUDU HAVINA SIKUKUU

Magonjwa mengi ya tumbo huletwa na vijidudu. Vijidudu ni viumbe hai, ila ni vidogo mno. Macho yetu hayawezi kuviona. Vinakaa katika mavi ya watu na ya wanyama, katika udongo, katika maji machafu, katika miguu ya nzi, na katika vidonda vya mikono.

Kijidudu kimoja hakina nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Nguvu yake ni kuzaana. Kikipata joto, unyevu na chakula, kijidudu kimoja kinaweza kujigawa na kuwa viwili kwa dakika 20 tu. Na sufuria ya pilau iliyopoa ina vyote vitatu: joto, unyevu na chakula.

Sisi tuliosoma kisomo tunajua hesabu. Basi tufanye hesabu. Tuseme wali umeiva saa 3 asubuhi, kabla ya watu kwenda kusali. Umeepuliwa, ukapoa. Saa 4 nzi ametua, akaacha kijidudu kimoja.

Saa 4 asubuhi: 1
Saa 5 asubuhi: 8
Saa 6 mchana: 64
Saa 7 mchana: 512
Saa 8 mchana: 4,096
Saa 11 jioni: zaidi ya milioni 2

Hapo tumehesabu kijidudu kimoja tu. Nzi mmoja aliyetoka chooni huacha vijidudu vingi sana. Na wali ule wa saa 3 asubuhi mara nyingi huliwa mpaka saa 2 usiku. Kinachobaki huitwa kiporo, nacho huliwa kesho yake kwa chai.

KIPORO

Wengi tunapenda kiporo. Mtu atasema: "Mbona nimekula viporo tangu utotoni, na sijafa?" Ni kweli. Si kila kiporo kina ugonjwa. Lakini kiporo cha sikukuu si sawa na kiporo cha kila siku. Kwanza, kimepikwa katika sufuria kubwa. Chakula kingi katika chombo kikubwa hupoa polepole sana. Katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio vijidudu vinaoupenda. Pili, kimeguswa na mikono mingi.

Mwingine atasema: "Nitakipasha moto, vijidudu vitakufa." Hili ni jambo la kuelewa vizuri. Moto mkali huua vijidudu vingi. Lakini viko vijidudu ambavyo vikiwa hai hutoa sumu ndani ya chakula. Ukivichemsha vinakufa vyenyewe, lakini sumu yao inabaki. Viko vingine hukaa katika mchele wenyewe mfano wa mbegu kavu. Moto wa kupikia hauviui. Wali ukipoa polepole, mbegu zile huamka.

Wala tusitegemee pua. Chakula chenye sumu ya namna hii kinaweza kunukia vizuri na kuwa na ladha nzuri.

Sasa tufanye nini? Njia ziko nyingi, wala hazihitaji fedha.

1. Tupike karibu na saa ya kula. Wageni wakila saa 8, wali uive saa 7.
2. Tupike kwa kiasi. Ni heri kupika sufuria mbili kwa zamu kuliko moja kubwa ya tangu alfajiri.
3. Chakula kilichoiva kisikae bila moto zaidi ya saa 2. Kama wageni wamechelewa, mchuzi ubaki jikoni juu ya makaa, uwe wa moto wa kuunguza ulimi.
4. Tufunike chakula kwa kawa au kitambaa safi, nzi wasitue.
5. Kinachobaki tukigawe siku ile ile, watoto wa jirani wale kingali cha moto.
6. Kama ni lazima kulaza nyama, tuitandaze katika sinia pana ipoe upesi, tuifunike, tuilaze mahali penye baridi. Asubuhi ichemke kabisa, isiwe kupasha juu juu. Lakini wali uliolala nje usiku kucha bila jokofu, tusile.

Kumwaga chakula kunauma. Lakini sahani moja ya wali ni rahisi kuliko nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali usiku.

MIKONO NA MAJI

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha wakachimba vyoo. Kazi ile ilitufundisha kwamba ugonjwa wa tumbo una njia yake. Unatoka chooni, unapita mikononi, unaingia mdomoni.

Na somo hili halijaisha. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi. Hata sherehe ya Uhuru ya Desemba 9 mwaka ule haikufanyika kama kawaida. Rais John Magufuli aliifuta, akaagiza siku ile iwe ya usafi. Watu walishika mafagio na makoleo badala ya kwenda kutazama gwaride. Kipindupindu kinaweza kumwua mtu mzima kwa saa chache, kwa sababu maji yote ya mwili yanatoka.

Kwenye karamu zetu mara nyingi tunaona beseni moja la kunawia. Maji yanawekwa mara moja, na watu ishirini wanatia mikono. Wa kwanza ananawa. Wa ishirini anachukua uchafu wa wenzake kumi na tisa. Hiyo si kunawa. Maji yamiminwe kwa jagi au birika, kila mtu apate yake, na sabuni iwepo. Au tutengeneze kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, litoboe tundu dogo karibu na mdomo, litundike kwenye mti mlalo, lifunge kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Sabuni itundikwe pembeni. Kibuyu chirizi kiwe viwili: kimoja karibu na choo, kingine karibu na mahali pa kulia.

Maji ya kunywa yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa, kisha yapoe katika chombo chenye mfuniko. Au tutumie dawa ya kutibu maji kama maelezo yake yanavyosema. Juisi ya maembe iliyotengenezwa kwa maji ya kisimani yasiyochemshwa ni maji yale yale, ila yamepakwa rangi. Matunda, nyanya na kachumbari vioshwe kwa maji salama.

Na mpishi mwenye kidonda mkononi, au anayeharisha, apumzike. Asione aibu. Apewe kazi ya kupokea wageni.

NYAMA YA SIKUKUU

Sikukuu ikikaribia, nyama huwa ghali. Hapo ndipo watu wengine huuza nyama kwa siri, usiku, kwa bei ya chini. Tujiulize: mnyama huyu alichinjwa, au alikufa mwenyewe?

Nyama ya kibudu, yaani ya mnyama aliyekufa mwenyewe, inaweza kuwa na ugonjwa wa kimeta. Mnyama mwenye kimeta mara nyingi hufa ghafla, na damu isiyoganda huweza kumtoka puani, mdomoni au nyuma. Mnyama kama huyo asichunwe, asipasuliwe, asiliwe. Hata kumgusa ni hatari. Mtu huweza kupata kidonda kisichouma, chenye gamba jeusi katikati. Mbegu za kimeta ni ngumu sana. Kuchemsha kwa kawaida hakutoshi kuziua, nazo huweza kukaa ardhini miaka mingi. Tumwite Ofisa Mifugo aonyeshe namna ya kumzika au kumchoma mzoga.

Wanaokula nguruwe wawe na jambo moja zaidi la kuangalia. Nyama yenye vijivimbe vyeupe kama punje za mchele ina watoto wa tegu. Isiliwe. Na nguruwe yeyote apikwe mpaka aive hasa, kusibaki wekundu wala damu. Mtu mwenye tegu tumboni akijisaidia porini, mayai ya tegu husambaa. Mayai hayo yakirudi mdomoni kwa mikono michafu, watoto wa tegu huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Na kifafa nacho watu husema ni uchawi! Kumbe ni choo kilichokosekana.

Dawa ni kununua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Tukichinja nyumbani, tumwite mkaguzi kabla na baada ya kuchinja.

VINYWAJI

Wako wasiokunywa pombe kwa dini zao au kwa hiari zao. Hao wasilazimishwe. Ukarimu si kumjazia mtu asichokitaka. Watoto wasipewe pombe hata kidogo, hata ile ya kuonjeshwa kwa mzaha. Mama mjamzito naye asinywe, maana anachokunywa kinamfikia mtoto tumboni.

Kwa wanaokunywa, tuseme wazi: gongo ni hatari. Anayeinunua hajui ndani mna nini. Wauzaji wengine huongeza spiriti ya viwandani iitwayo methanoli ili pombe iwe kali. Haina rangi, na kwa kuionja huwezi kuitambua. Kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kinaweza kumpofusha mtu. Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hii. Wengine walipofuka. Mtu akinywa, kisha akaona ukungu machoni, akaumwa kichwa na tumbo, asiambiwe alale pombe itoke. Apelekwe hospitali mara moja.

Pombe za nafaka nazo zina jambo lake. Watu wengine huchagua mahindi mazuri kwa ugali, yale yenye ukungu wakaweka kwa pombe. Hili ni kosa kubwa. Ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika Mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na kupika hakuiondoi yote. Mahindi yaliyoota ukungu si ya ugali, si ya pombe, wala si ya kuku.

Anayekunywa ale kwanza, anywe pole pole, anywe na maji. Wala asishike usukani wa gari, wala pikipiki, wala baiskeli kwenye barabara kuu.

Soda nayo tusiisahau. Chupa moja ya mililita 350 huweza kuwa na sukari karibu vijiko 9 vya chai. Mgeni mwenye kisukari hawezi kuibeba sukari hiyo. Mwenye presha naye hawezi chumvi nyingi. Basi mwenyeji aweke maji safi mezani, na mchuzi usio na chumvi nyingi. Na mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu eti leo ni sikukuu.

MTU AKIANZA KUHARISHA

Kinachomwua anayeharisha ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha maji. Usingoje kesho. Tumia pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini inayotolewa zahanati. Soma maandishi yake uone inataka maji kiasi gani, maana pakiti hazilingani. Kama pakiti haipo, tengeneza hivi:

Maji safi na salama, lita 1.
Sukari, vijiko 6 vya chai, vilivyosawazishwa.
Chumvi, nusu kijiko cha chai, iliyosawazishwa.

Koroga vizuri. Usizidishe chumvi. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, kila mara anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea pole pole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto anayeharisha apelekwe zahanati, apate na vidonge vya zinki.

Mpelekeni mgonjwa haraka kama anaharisha maji mengi kama maji ya mchele, au ana damu katika choo, au macho yamedidimia, au hawezi kunywa, au hakojoi, au amelegea. Njiani mwendelee kumnywesha.

TUCHUKUE DAFTARI

Sasa turudi kwenye yale maneno ya chini chini. Karamu imekwisha, watu wameugua, kijiji kinanong'ona. Hapa ndipo msomaji anapoweza kuokoa maisha kwa kalamu.

Chukua daftari. Piga mistari. Andika jina la kila mtu aliyekula, mgonjwa na mzima. Andika amekula nini. Andika amekula saa ngapi. Andika kama ameugua, na ugonjwa ulianza saa ngapi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Watu 10 walikula katika nyumba moja. Sita wameugua. Wanne wazima. Watu wanasema ni yule bibi aliyeleta kachumbari. Tunatazama daftari. Kachumbari ililiwa na wote 10. Kama ingekuwa na sumu, mbona wanne ni wazima? Tunatazama tena. Wale wanne walikula wali mchana, wakaondoka. Wale sita walibaki, wakala wali ule ule saa 2 usiku. Aliyewaugua ni nani? Si bibi. Ni zile saa chakula kilipokaa kimepoa.

Daftari hilo lipelekwe zahanati pamoja na wagonjwa. Mganga atashukuru, maana litamsaidia kujua ugonjwa na kuuzuia usienee. Na Mwenyekiti wa kitongoji aonyeshwe, ili azime maneno kabla hayajawa moto.

Ndugu wasomaji, tunawatakia sikukuu njema. Tule, tunywe, tucheze ngoma, tuonane na ndugu. Na chakula kiliwe kingali cha moto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika karamu ya mwisho kijijini kwetu, chakula kilikaa saa ngapi kabla ya kuliwa?
2. Watu walinawa namna gani? Tubadilishe nini?
3. Nani kijijini hukagua nyama? Tunampataje?
4. Je, aliwahi kusingiziwa mtu baada ya watu kuugua kwa chakula? Tungefanya nini badala yake?
5. Kila kikundi kitengeneze kibuyu chirizi kimoja kabla ya sikukuu.